Picha Ghafi au Picha Iliyopikwa?

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka kwa fundi umeme wa Temeke ambaye, kwa akiba ya miaka miwili, amenunua kamera ya dijitali iliyokwisha tumika. Mwezi ujao binti wa kaka yake ataolewa, na jamaa wamekubaliana kwamba yeye ndiye atakayepiga picha, ili fedha ambazo angelipwa mpiga picha wa kukodiwa ziongezwe kwenye chakula cha wageni. Sasa kamera inamtaka achague kati ya JPEG na RAW. Kijana mmoja wa jirani amemwambia kwamba mpiga picha wa kweli haigusi JPEG hata siku moja. Mwenzake wa kazini amemwambia kwamba RAW ni kujaza kadi bure. Anauliza amwamini nani.

Yafaa kwanza tutazame ndani ya kamera yenyewe. Mahali palipokuwa na filamu hapo zamani, leo pana kipande kidogo kiitwacho kihisi, chenye mamilioni ya vijumba vidogo mno vinavyopima mwanga. Vijumba hivyo havijui rangi, vinajua kiasi cha mwanga tu. Ili rangi ipatikane, kila kimoja hufunikwa kwa chujio la rangi moja: nusu yao kijani, robo nyekundu na robo buluu. Mpango huu ulibuniwa na Bryce Bayer, mtaalamu wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Hadi leo kamera nyingi zinaufuata. Basi mara tu unapobonyeza, kilichomo ndani ya kamera ni hesabu za mwanga, yaani malighafi, na picha bado haijawa picha.

Faili ya RAW, ambayo katika safu hii tutaiita picha ghafi, ni malighafi hiyo iliyowekwa karibu kama ilivyotoka. JPEG ni chakula kilichokwisha pikwa. Kamera yenyewe imeamua weupe uweje, rangi zikolee kiasi gani, kingo ziwe kali namna gani. Kisha ikaigawa picha katika vipande vidogo vya pikseli nane kwa nane na kutupa yale ambayo jicho la binadamu aghalabu halitambui kuwa yamekosekana. Kanuni hiyo ya kubana picha iliidhinishwa mwaka 1992, nayo ni ya werevu mkubwa. Kwa kamera ya pikseli milioni 24, picha ghafi huchukua takriban megabaiti 25 hadi 30, wakati JPEG ya ubora wa juu huchukua kama 10 tu.

Wazee wenzangu waliopata kusafisha picha katika chumba cha giza watanielewa nikisema kwamba picha ghafi ni mithili ya negativu, na JPEG ni mithili ya picha iliyokwisha kuchapwa katika karatasi. Lakini kilichotupwa na JPEG hakirudi tena.

Hapo ndipo harusi inapohusika. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mandhari yote, kwa wastani, ni ya kijivu. Ikikutana na shela kubwa jeupe katika jua la saa saba, huona mwanga umezidi, nayo hupunguza. Shela hutoka vizuri, na uso wa bibi harusi, ambaye ngozi yake ni nyeusi, hutoka umezama gizani hata pua isionekane ilipoanzia. Bwana harusi aliyevaa suti nyeusi hali yake huwa mbaya zaidi. Ukijaribu kuunyanyua uso huo katika JPEG, utapata chengachenga na mabaka, kwa sababu JPEG huhesabu ngazi 256 tu kwa kila rangi, na zilizobakia upande wa giza ni chache. Picha ghafi ya biti 14 huhesabu ngazi 16,384. Ukiinyanyua, uso hutokea, na macho, na hata mapambo ya hina yaliyofichika katika kivuli cha mkono.

Jambo la pili ni rangi ya mwanga. Mwanga wa balbu ni wa manjano, wa kivulini una ubuluu, na hizi taa za zambarau zinazopendwa siku hizi kumbini hazina jina. Katika picha ghafi unaweza kuchagua upya weupe ukiwa nyumbani, kana kwamba ndiyo kwanza unapiga. Katika JPEG umekwisha kupikwa humo. Unaweza kuupunguza kidogo, lakini kuuondoa kabisa ni kazi.

Nami nasema hayo kwa kuumwa. Mwaka 2012, katika arusi ya mdogo wangu, niliianza asubuhi ndani ya nyumba nikiwa nimeiweka kamera katika mpango wa balbu. Tulipotoka uani kupiga picha za jamaa sikuubadili, na kamera ilikuwa katika JPEG. Jamaa wote walitoka buluu kama waliozama majini. Mama yangu alikuwa ameketi mbele, amevaa kanga mpya, anacheka. Alifariki mwaka uliofuata, na sina nyingine yake baada ya hiyo. Baada ya kuhangaika nayo majuma kadhaa niliifanya kuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na ndivyo inavyoning'inia sebuleni. Wageni huisifu kuwa ina heshima ya kizamani. Kanga ile ilikuwa nyekundu.

Hata hivyo, kijana yule wa jirani amekosea. Wapo wapiga picha wa kweli wanaotumia JPEG kila siku, tena kwa amri. Mwezi wa Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasilete picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, ila zile zilizohifadhiwa kama JPEG ndani ya kamera, kwa ajili ya haraka na ili tukio libaki karibu na lilivyoonekana. Kwa picha za pasipoti, za watoto wakicheza, za bidhaa utakazotuma kwa mteja saa hiyo hiyo, JPEG yatosha kabisa.

Tena picha ghafi ina gharama isiyosemwa. Hapana budi uwe na kompyuta na programu. Zipo za bure, kama darktable na RawTherapee, lakini muda wako si wa bure. Picha 600, kila moja dakika tatu, ni saa 30. Fundi aendaye kazini Jumatatu hadi Jumamosi atazitoa wapi saa hizo, na bibi harusi anapiga simu kila jioni? Wala picha ghafi haiponyi kila ugonjwa: iliyotikisika imetikisika, na weupe uliopitiliza kabisa hauna cha kurudishwa.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Temeke, karibu kila kamera ya aina yako inao mpango wa kuhifadhi zote mbili kwa pamoja, RAW na JPEG. Uweke huo siku ya arusi, usiuguse mpaka wageni watawanyike. Kila picha itakula kama megabaiti 40, hivyo kadi ya gigabaiti 64 itakuchukulia picha 1,600 hivi. Nunua mbili, mpya, dukani na si mkononi mwa mtu. Jumatatu wape jamaa JPEG zilizotoka sawasawa, nazo zitakuwa nyingi. Picha ghafi zifungue kwa zile chache zilizoharibika ambazo haziwezi kurudiwa: ndoa inapofungwa, wazazi wa pande mbili, bibi na babu. Hizo zipe dakika zake, kisha zichapishwe kwenye karatasi. Usiwatumie jamaa kwa WhatsApp ukadhani umewawekea kumbukumbu, maana hubanwa tena njiani.

Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe, mwombe bibi harusi asimame uani saa saba mchana na kitambaa cheupe mabegani, umpige kwa namna zote mbili, uzitazame kwenye kompyuta.

Swali lako la pili, kuhusu flashi katika ukumbi wenye dari nyeusi, tutalijibu Jumapili ijayo.