Kafili asiyetaka kuandika

Juzi baada ya sala ya alasiri alinijia mtoto wa ndugu yangu, mwalimu wa Kiingereza hapa Mombasa. "Ami," kaniambia, "nimepata kazi Muscat, kusomesha watu wazima. Kafili atalipa viza." Nikamuombea heri, kisha nikauliza mkataba. Hakuwa nao. Alikuwa na viza ya matembezi, na ahadi kwamba itabadilishwa akishafika.

Moyo ulinidunda. Chuoni tulisomeshwa kuwa kafala ni dhamana: mtu kujitwika mzigo wa mwenziwe. Nabii Zakariya alikuwa kafili wa Maryam kwa kumlea, si kwa kummiliki. Huko Ghuba neno hilo limeingia katika ukaazi: mgeni hukaa nchini kwa jina la aliyemwajiri, na kazi ikikatika, ukaazi nao u mashakani. Kweli, tangu Januari 2021, amalizaye mkataba Oman hahitaji tena ridhaa ya mwajiri wake ili ahamie kwa mwingine. Lakini asiye na mkataba atamaliza nini? Na kusomesha kwa viza ya matembezi ni kosa.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 nayo yataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uandikwe na kuthibitishwa na afisa wa kazi.

"Mwanangu," nikamwambia, "safari si haramu, na elimu yako ni mali. Lakini Suratul Baqara yatuamuru hata deni tuliandike. Mdhamini wa kweli haogopi kalamu."

Amepeleka barua kudai mkataba. Jibu twalingoja.