Nani Kirangozi wa Pumzi?

Katika upasuaji wa mguu au wa tumbo, mpasuaji na mtoa usingizi kila mmoja ana shamba lake. Mmoja yuko penye jeraha. Mwenziwe yuko kichwani pa mgonjwa, akiilinda pumzi. Upasuaji wa koo si hivyo. Hapo shamba ni moja na mlango ni mmoja: koo la pumzi, yaani mrija unaopeleka hewa mapafuni, ambao kwa mtoto mdogo ni mwembamba kama penseli. Mpasuaji anataka mrija huo uwe wazi apate kuona na kukata. Mtoa usingizi anataka upitishe oksijeni bila kukoma. Wote wawili wana haki. Je, haki hizo zikigongana, neno la nani lifuatwe?

Jibu langu ni kwamba lifuatwe neno la mtoa usingizi, hata akiwa mdogo wa cheo, na kwamba jambo hilo likubaliwe kabla mgonjwa hajalala.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima aliyetulia hutumia kiasi cha mililita 250 za oksijeni kila dakika. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu; kwa hiyo pumzi ikikatika, akiba iliyomo mapafuni huisha katika dakika moja au mbili. Mtu mzima mwenye afya akivutishwa kwanza oksijeni tupu kwa dakika kadhaa, anaweza kustahimili dakika 8 hivi. Mtoto mchanga hana nafasi hiyo, kwani kwa kila kilo ya uzito wake hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima. Tena, njia ya hewa ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2. Ikiwa hewa inapita kwa utulivu, ugumu huo huongezeka mara 16. Uvimbe wa milimita 1 pande zote, ndani ya njia yenye upana wa milimita 4, watosha kuleta hali hiyo.

Mkoa wa Tabora ni nchi ya karanga, na karanga ni miongoni mwa vitu ambavyo watoto wadogo huvipalia mara nyingi. Punje ikiingia katika koo la pumzi hulowana, huvimba na kumeguka, na mafuta yake huwasha utando wa ndani. Njia ya kuitoa ni ile iliyofunguliwa na Gustav Killian huko Freiburg, Ujerumani, mwaka 1897, alipotoa mfupa katika njia ya hewa ya mkulima kwa kutumia bomba la chuma. Mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, mpasuaji akaingiza bomba, kisha koleo ndani ya bomba. Mtoa usingizi hupeleka oksijeni kwa tundu la ubavuni mwa bomba hilo hilo. Kila mara mpasuaji anapofungua mdomo wa bomba ili apitishe koleo, oksijeni huvuja. Punje ikiponyoka na kuziba koo lote, huenda ikabidi kuisukuma chini iingie katika tawi moja, ili pafu la pili lipate kupumua. Uamuzi kama huo haufai kujadiliwa huku mtoto akigeuka rangi.

Wako watakaosema kwamba dawa ya tatizo ni chombo kipya. Mwaka 1967 Sanders wa Marekani alieleza namna ya kupuliza oksijeni kwa nguvu kupitia tundu jembamba, ili mgonjwa apumulishwe bila mrija mnene wa kumziba mpasuaji macho. Ni ufundi mzuri, lakini una masharti. Unahitaji oksijeni yenye shinikizo kubwa, ya mtungi au ya mabomba ya hospitali. Mashine ndogo za umeme zinazochuja oksijeni kutoka hewani haziwezi kuuendesha. Zaidi ya hayo, hewa iliyoingia kwa nguvu haina budi kutoka. Ikiwa uvimbe au kifaa cha mpasuaji kimeziba juu, pafu laweza kupasuka. Basi hata chombo hicho hudai lile lile: mmoja aseme, mwingine asikie.

Hapa Tabora ya kale ina la kutufundisha. Mji huu, ambao wageni waliuandika kwa jina la Kazeh, ulikuwa makutano ya misafara iliyotoka Bagamoyo; hapo njia iligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Mwingereza Richard Burton alifika mwaka 1857, naye ameandika kwamba kirangozi, kiongozi wa njia, alitangulia mbele ya wapagazi wote, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Kirangozi hakuwa mwenye mali. Mali ilikuwa ya tajiri, na mshahara ulitoka kwa tajiri. Hata hivyo, katika mwendo wa njiani kirangozi ndiye aliyetangulia. Hatuisifu njia ile kwa yote, kwa kuwa ilipitisha watumwa pamoja na pembe. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walijua kwamba mwenye amri ya safari na mwenye amri ya hatua si lazima wawe mtu mmoja.

Katika vyumba vyetu vya upasuaji jambo hili ni gumu kwa sababu ya heshima. Watoa usingizi wengi nchini si madaktari bingwa, bali ni wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo. Mara nyingi mpasuaji huwazidi kwa umri au kwa cheo. Aliyemwamkia mkubwa wake shikamoo asubuhi, adhuhuri anatakiwa amwambie "Simama!" Bila kanuni iliyotangazwa, atasita, na tumekwisha kuona hesabu ya kusita.

Kwamba maneno machache yaweza kuokoa maisha si dhana tupu. Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo huuliza, kabla ya usingizi, kama njia ya hewa ya mgonjwa ina matatizo, na kama kipima oksijeni kimefungwa na kinafanya kazi. Kwa upasuaji wa koo, tuongeze swali la tatu: nani atasema "Simama", na baada ya hapo tutafanya nini?

Mpasuaji aweza kujibu kwamba dhamana ya mgonjwa ni yake, na kwamba kusimamishwa ovyo kutarefusha hatari. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana amri ninayoitetea ina mpaka: inahusu pumzi tu. Mpasuaji ndiye anayeamua akate wapi. Mtoa usingizi huamua lini mkono usimame ili oksijeni ipite. Neno likitamkwa, vyombo vitolewe. Mabishano yangoje mpaka mgonjwa aamke.

Vifaa navyo vitakiwe bila aibu: mitungi iliyojaa, kipima oksijeni, na kipima hewa ya ukaa, ambacho huonyesha mapema kwamba mrija umeingia mapafuni wala si tumboni. Pasipo na vifaa au ujuzi, na mgonjwa akiwa bado ana nafasi, asafirishwe mapema kwenda hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, pamoja na oksijeni na mtu anayejua kuitumia.

Nasi tulio vyuoni tuna wajibu wetu. Tunawafundisha wapasuaji darasa moja na watoa usingizi darasa jingine, kisha tunategemea waelewane juu ya koo la mtoto. Tuwafundishe pamoja, na mtihani wa mpasuaji uwe na swali hili: ukiambiwa "Simama", utafanya nini kwanza?