Ulimwengu unaopanuka, na padri aliyeuona kwa hesabu



Juma hili tumepokea maswali mawili juu ya jambo moja. La kwanza latoka kwa baba mmoja, ambaye mwanawe asoma sekondari. Kijana alirudi likizo, akawaambia wazee kwamba ulimwengu wote unapanuka, na ya kuwa upanuzi huo ulianza miaka bilioni 13.8 iliyopita. Baba akaingiwa na hofu. Atuuliza: "Mwalimu, masomo hayo hayatamtoa mwanangu katika imani?" Swali la pili latoka kwa mwanafunzi mwenye shangwe kubwa. Asema kwamba wenye elimu wamekwisha kuthibitisha ukurasa wa kwanza wa Biblia. Je, bado kuna haja ya kubishana na wasioamini? Sisi twaona kwamba hao wawili, mwenye hofu na mwenye shangwe, wastahili jibu moja. Lakini mtu hahukumu shauri asilolijua. Kwanza, basi, tulijue jambo lenyewe.

Tuanze uani kwetu. Usiku usio na mwezi, mawingu ya mvua yakiisha kupita, tokeni nje mbali na taa, mtazame juu. Mtaona ukanda mweupe unaovuka mbingu kama moshi mwembamba. Si moshi, ni nyota, nyingi mno na mbali mno hata jicho haliwezi kuzitenga. Jua letu ni mojawapo. Jamii kubwa ya nyota namna hiyo huitwa galaksi, na hii yetu yaitwa Njia ya Maziwa. Nyota zake hazipungui bilioni 100.

Kuipima galaksi kwa kilometa ni kama kupima njia ya Bukavu mpaka Kinshasa kwa upana wa kidole. Kwa hiyo wataalamu hutumia mwendo wa nuru, ikimbiayo kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Nuru ya mwezi hutufikia kwa sekunde moja na kidogo, ya jua kwa dakika 8. Lakini kuivuka galaksi yetu, ukingo hata ukingo, nuru yahitaji miaka ipatayo 100,000.

Je, ng'ambo ya galaksi yetu kuna nini? Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walibishana sana. Darubini zao zilionyesha viwingu vya nuru, vingine vimejizungusha mfano wa kombe la konokono. Wengine walisema vimo ndani ya galaksi yetu. Wengine walisema kila kimoja ni galaksi peke yake. Shida ilikuwa kupima umbali, kwa maana taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huweza kuonekana sawasawa.

Aliyepata ufunguo ni mwanamke, Henrietta Leavitt, mfanyakazi wa Harvard huko Marekani. Alizichunguza picha, zilizopigwa kutoka nchi ya Peru, za viwingu viwili vinavyoitwa vya Magellan. Viwingu hivyo hata sisi huku twaviona, upande wa kusini, jioni za Desemba na Januari, mbingu ikiwa safi. Watu wa Ulaya hawavioni kwao. Humo Leavitt alikuta nyota ambazo nuru yake huzidi na kupungua kwa zamu. Mwaka 1912 alitangaza kanuni yake: kadiri zamu ilivyo ndefu, ndivyo nyota yenyewe ilivyo na nuru nyingi. Basi ukiijua zamu, waijua taa ni kubwa kiasi gani. Ukilinganisha na jinsi ionekanavyo, waujua umbali wake. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson, huko California, akaona nyota ya namna hiyo katika kiwingu cha Andromeda. Akapiga hesabu, akakuta kiwingu kile kiko mbali kabisa nje ya galaksi yetu. Leo twajua kwamba nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Ubishi ukaisha: galaksi ni nyingi.

Kulikuwa na ajabu nyingine. Mtu aliyesimama kando ya reli husikia mlio wa gari la moshi kuwa mwembamba linapokuja, na kuwa mnene linapokwenda zake. Nuru nayo hubadilika: kimulikacho kikitukimbia, rangi zake husogea kuelekea wekundu. Tangu mwaka 1912, Vesto Slipher, huko Arizona, alizipima galaksi kwa njia hiyo, akaona kwamba karibu zote zatukimbia. Kwa nini zitukimbie? Tuna kosa gani sisi?

Hapo ndipo atokeapo Padri Georges Lemaître. Alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Charleroi, Ubelgiji. Alipigana katika vita vya 1914 hadi 1918, kisha akasoma hesabu, akaingia seminari, akapewa upadri mwaka 1923. Baada ya masomo ya Uingereza na Marekani, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Chuo hicho ndicho mzazi wa Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954 huko Kinshasa, mji ulioitwa wakati ule Léopoldville.

Mwaka 1927 Lemaître aliandika kwamba galaksi hazitukimbii sisi. Nafasi yenyewe iliyo kati yao ndiyo inayopanuka. Mama wa nyumbani ataelewa upesi. Akikanda unga wa mkate wenye chachu, akachanganya humo karanga, unga ukiumuka kila karanga huachana na wenzake. Karanga yoyote, kama ingekuwa na macho, ingedhani yenyewe ni katikati na wengine wote waikimbia. Na iliyo mbali zaidi ingeonekana kukimbia zaidi. Vivyo hivyo kwa galaksi. Wala tusidhani kwamba nyumba zetu au dunia zinapanuka, kwa kuwa vitu vilivyo karibu hushikana kwa nguvu ya kuvutana. Andromeda, jirani yetu, yatukaribia.

Mwaka ule ule, huko Bruxelles, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini wazo lenyewe halikubaliki. Padri hakugombana. Mwaka 1929 Hubble alitoa vipimo vyake vilivyoonyesha kwamba galaksi ya mbali zaidi hukimbia zaidi, na baadaye Einstein naye akakubali. Mwaka 1931 Lemaître aliongeza neno zito: kama ulimwengu unapanuka, basi zamani ulikuwa umesongamana, na tukirudi nyuma kabisa twafikia mwanzo wa upanuzi huo. Ushahidi mkubwa ulitangazwa mwaka 1965. Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walisikia mvumo katika chombo chao cha kunasa mawimbi ya redio. Walikisafisha hata mavi ya njiwa, mvumo usikome. Kumbe yalikuwa mabaki ya joto la ulimwengu wa zamani, yatokayo pande zote za mbingu. Lemaître alipata habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa, tarehe 20 Juni 1966.

Sasa tuwarudie wenzetu wawili. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pio XII, akisema mbele ya wataalamu huko Roma, alisifu elimu hiyo mpya kana kwamba inashuhudia siku ya uumbaji. Tungetazamia Padri Lemaître afurahi kuliko watu wote. Hakufurahi. Kwake yeye, swali la jinsi ulimwengu ulivyopanuka ni la hesabu na darubini, nalo liko nje ya mambo ya dini. Alieleza kwamba njia za kuifikia kweli ni mbili, naye aliamua kuzifuata zote mbili. Hakuzichanganya kamwe.

Alikuwa na sababu. Vipimo vya kwanza vya Hubble vilionyesha upanuzi wenye haraka mara saba hivi kuliko ule tunaoupima leo, hata ulimwengu ukaonekana kuwa na umri mdogo kuliko miamba ya dunia. Ilibidi vipimo virekebishwe. Tena mwaka 1998 wataalamu waligundua kwamba upanuzi haupungui mwendo, bali unaongezeka, na wengi walikuwa wametazamia kinyume. Elimu ndivyo inavyokwenda: hupima, hukosea, hujisahihisha, na hiyo ndiyo heshima yake. Mtu akiifunga imani yake kwenye hesabu ya mwaka huu, atafanya nini hesabu itakaposahihishwa mwaka ujao?

Basi wewe baba, usiogope. Mwache mwanao asome, tena asome sana. Aliyeanzisha wazo hili alisoma Misa kila siku, na hesabu zake hazikumtoa altareni. Wewe nawe mwanafunzi, punguza shangwe. Mwanzo wanaoutafuta wataalamu ni hali ya kwanza ya vitu vilivyokwisha kuwapo. Kwa nini kuna vitu badala ya kutokuwapo kitu chochote, hilo darubini haiulizi wala haijibu. Usiifanye fizikia kuwa katekisimu, wala katekisimu kuwa fizikia.

Mwaka 2018 umoja wa wataalamu wa nyota wa dunia yote ulipiga kura, ukapendekeza kanuni ya upanuzi itajwe kwa majina mawili, Hubble na Lemaître. Padri mwenyewe hakuwahi kuidai heshima hiyo. Andiko lake la 1927 lilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, yeye mwenyewe aliondoa sehemu yenye vipimo vyake vya kwanza, akiona kwamba havina faida tena. Wanafunzi wetu na wasome mambo ya nyota kwa moyo kama huo.