Saratani ya Ngozi Si Ugonjwa wa Wazungu Peke Yao

Taja saratani ya ngozi sokoni Iguhu, hapa Kakamega, na utajibiwa upesi: huo ni ugonjwa wa wazungu, weusi wetu ni ngao. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayotuponza.

Ni kweli kwamba melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi wake, huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua. Ndiyo maana saratani zinazoletwa na jua zinawaandama watu wa Australia kuliko sisi. Lakini anayeishia hapo anadhani jua ndilo chanzo pekee. Silo. Mtu mweusi huvamiwa kwa njia nyingine, nazo hazikosi katika vijiji vyetu vya Ikolomani.

Ya kwanza ni kidonda kisichopona. Tunapikia mafiga, na watoto huungua. Kovu la moto ambalo halikutibiwa vyema, likawa linapasuka na kufunga, laweza kugeuka saratani miaka 20 au 30 baadaye. Kidonda ndugu cha mguu nacho ni vivyo hivyo. Si habari mpya: saratani ya namna hii ina jina la daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828. Sisi bado tunasema mgonjwa amerogwa, tunamfunga kitambaa na kungoja.

Ya pili ni unyayo. Melanoma, saratani kali mno, ikimpata mtu mweusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley ilimwingilia kwenye kidole cha mguu. Ikagunduliwa mwaka 1977, ikasambaa mwilini, ikamuua Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mtaniambia baba yake alikuwa mzungu. Sawa, lakini melanoma ya chini ya ukucha haisababishwi na jua, na huwapata watu wa rangi zote. Mkulima anayelima pekupeku hadhani kwamba doa jeusi unyayoni ni zaidi ya mwiba wa zamani.

Ya tatu ni kinga ya mwili iliyodhoofika. Saratani ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi ngozini, imewaua wengi Afrika Mashariki tangu Ukimwi uingie. Anayeacha dawa za kupunguza makali ya virusi anaifungulia mlango.

Halafu tunajivunia ngao hiyo huku tukinunua krimu za kuikwangua. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini krimu zenye sumu hizo bado zinauzwa. Ngao gani hiyo unayoilipia ibomolewe?

Na hii kauli ya “wazungu” inamfuta kabisa jirani yetu mwenye ualbino. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wa hali hiyo. Iguhu iko karibu kabisa na ikweta, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ni mikali hata kukiwa na mawingu. Mtoto mwenye ualbino akivalishwa kaptula ya sare na kupangwa mstarini juani saa sita mchana, tunamdhuru. Mwalimu, mruhusu kofia pana na mikono mirefu. Mzazi, mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa losheni ya jua bila malipo.

Kwa sisi wengine simhimizi mtu akatumie pesa za unga kununua losheni. Ninachohimiza hakina gharama: unapoosha miguu jioni, tazama nyayo, kucha na katikati ya vidole. Doa jipya linalokua au kubadilika rangi, uvimbe unaotoa damu, kidonda kilichopitisha mwezi bila kupona: nenda hospitali ya Iguhu, uliza kama kipande kinafaa kukatwa na kupimwa maabara, na ukipewa rufaa ya Kakamega usiichelewe. Saratani ya ngozi ikiwahiwa, mara nyingi hukatwa ikaisha. Ikicheleweshwa kwa sababu tuliambiwa si yetu, inaua, na kosa hilo ni letu sote tunaoendelea kuirudia kauli hiyo.