Ninja Huyu ni Mwana wa Nani?

Ni nadra kuona katika semina zetu ari wanayokuwa nayo wanafunzi wanapojadili mfululizo wa vibonzo vya Kijapani uitwao Naruto. Wapo wanaoupuuza mjadala huo kwa hoja kwamba vibonzo ni mambo ya watoto. Kwa maoni yangu, mashabiki hawa wanafanya uhakiki hasa, ingawa msamiati wake hawautumii. Wanachokizozania ni iwapo kazi hii imeisaliti ahadi iliyompa msomaji.

Masashi Kishimoto alianza kuichapisha hadithi hii mwaka 1999 katika jarida la Weekly Shonen Jump, akaihitimisha mwaka 2014 katika sura ya 700. Studio ya Pierrot iliipeleka kwenye televisheni: vipindi 220 kati ya mwaka 2002 na 2007, kisha vingine 500 hadi mwaka 2017. Lawama kwamba vipindi vya kujazia ni vingi mno haihitaji maelezo marefu. Televisheni ilikuwa imekaribia kuifikia hadithi ambayo ingali ikiandikwa, ndiposa takriban vipindi 80 vya mwisho vya awamu ya kwanza vikatungwa na studio yenyewe. Hilo ni suala la ratiba. (Aliyevitazama vyote ana subira ya Ayubu.)

Lawama nzito ni ile ya nasaba. Tunapokutana na Naruto, yeye ni yatima anayetengwa na kijiji kizima cha Konoha kwa sababu mbweha wa mikia tisa amefungiwa ndani ya mwili wake. Ameanguka mtihani wa kuhitimu mara tatu. Katika mashindano ya kupandishwa cheo anakabiliana na Neji, kijana wa tawi la chini la ukoo wa Hyuga, aliyepigwa chapa ya utumwa kwenye paji la uso na anayeshikilia kwamba majaliwa ya mtu huamuliwa siku azaliwapo. Naruto anamshinda, na anaapa kuubadilisha ukoo huo atakapokuwa Hokage, yaani mkuu wa kijiji. Hapo ndipo ahadi ilipotolewa: juhudi huishinda nasaba.

Baadaye tunaambiwa kwamba yatima huyu ni mwana wa Hokage wa Nne. Vitani, hadithi ikielekea ukingoni, tunaambiwa pia kwamba roho ya Ashura, mwana wa babu mkuu wa maninja, imezaliwa upya ndani yake. Watetezi wake husema kwamba hata hivyo alitoa jasho: mbinu ya Rasengan, ambayo baba yake aliibuni kwa miaka mitatu, hakuirithi bali alijifunza kwa taabu. Ni kweli, lakini hoja hiyo haitoshi. Rock Lee naye alitoa jasho, pengine kuliko wote, na hadithi ikasonga mbele ikamwacha nyuma.

Mwanafunzi wa tendi anaweza kuuliza: mbona Fumo Liyongo hatumlaumu kwa kuwa wa ukoo wa watawala na kwa kuzaliwa na nguvu zisizo za kawaida? Hatumlaumu kwa sababu masimulizi yake hayakutuahidi kinyume. Shujaa wa utendi huhitaji nasaba, na hadhira yake hulijua hilo tangu mwanzo. Kishimoto alianza na shujaa wa riwaya ya makuzi, akamalizia na shujaa wa utendi, bila kuzipatanisha kanuni za tanzu hizo mbili. Hapa nakubaliana na wanaolalamika, japo sikubaliani nao wanapodai kwamba kazi nzima imeharibika. Kisa cha Zabuza na Haku, ambacho karibu kingeweza kusimama peke yake kama novela, hakiguswi na dosari hii.

Dosari inaonekana wazi zaidi kwa Neji. Anafia vitani akiwa amemkinga Naruto kwa mwili wake. Naruto anakuwa Hokage, sherehe zinafanyika, na mtunzi anaiweka kalamu chini bila kutuonyesha ile chapa ya Hyuga ikiondolewa.