Kabla ya kuchagua kisiwa, chagua mwezi

OMO NA TEZI
Na Salma Khatib Faki

Wanaopanga kukodi boti ya matanga na kuiendesha wenyewe visiwani karibu wote huanzia kwenye picha. Mchanga mweupe, mawe makubwa yaliyolainishwa na maji, bahari ya rangi ya feruzi, na boti moja imetia nanga peke yake. Wakishaipenda picha ndipo hutazama likizo yao inaangukia mwezi gani, na upepo huulizwa mwisho kabisa, kama unaulizwa. Nasema mpangilio huo ugeuzwe. Ufukwe uliopigwa picha Julai maji yakiwa yametulia unaweza Januari kuingiwa na mawimbi yatakayoitikisa boti usiku kucha na kuing'oa nanga yako. Picha haikwambii ilipigwa mwezi gani.

Tuelewane kwanza kuhusu jambo lenyewe. Kampuni inakukabidhi chombo cha futi arobaini hivi, siku hizi mara nyingi katamarani. Unaweka dhamana, unaonyesha cheti au maelezo ya safari ulizowahi kuongoza, mnakagua pamoja injini, matanga, pampu, redio na kidau cha kushukia ufukweni, kisha wanafungua kamba na kukuacha. Kuanzia hapo nahodha ni wewe. Ukipanda mwamba ni wewe, abiria akichafukwa na bahari ni wewe, na uamuzi wa kutoka au kubaki asubuhi yenye mawingu mazito ni wako peke yako. Kwa hiyo haitoshi kuuliza wapi pazuri. Uliza ni wapi ambapo bahari, katika wiki ile uliyopewa likizo, inalingana na ujuzi wa atakayeshika usukani.

Anayeanza huelekezwa sana Visiwa vya Virgin vya Uingereza, huko Karibi, na sababu zinazotolewa ni za kweli. Tortola, Virgin Gorda, Norman na Jost Van Dyke vimekaa karibu karibu, kiasi kwamba mara nyingi kisiwa unachokwenda unakiona kabla hujang'oa nanga. Maji kujaa na kupwa hayatofautiani hata nusu mita. Upepo wa mashariki ni wa kutegemewa. Lakini hata huko mwezi ndio unaoamua. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni hadi Novemba, na tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma, cha daraja la 5, kilipita juu ya visiwa hivyo na kurundika boti za kukodi moja juu ya nyingine. Ukiona bei ya Septemba imeshuka sana, jua imeshushwa na nini. Na aliyejifunzia Mombasa au Dar es Salaam akumbuke kwamba maboya ya Amerika yamepangwa kinyume na yetu: kwetu ukiingia bandarini boya jekundu unaliacha kushoto, kule unaliacha kulia. Mtu aliyechoka na safari ndefu ya ndege hulisahau hilo kwa urahisi.

Phuket, nchini Thailand, ni pazuri kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha upepo wa kusini magharibi huleta mvua na bahari nzito. Visiwa vya Whitsunday, Australia, vinajulikana kwa kumkodishia boti hata asiye na leseni, baada ya maelekezo ya kina. Ila kule maji hupanda na kushuka mita kadhaa, na miezi ya joto huleta viwavi wa baharini wenye sumu ya kuua.

Kwa msomaji wa pwani yetu mimi napendekeza Ushelisheli. Si kwa kuwa ni karibu tu, ingawa ndege kutoka Nairobi hutumia saa tatu hivi na viza haihitajiki, bali kibali cha kuingia kinachoombwa mapema. Napendekeza kwa kuwa upepo wake tunaufahamu tangu utotoni. Kusi na kaskazi ndizo zinazotawala kule, kwa miezi ileile inayotawala Lamu, Tanga na Unguja. Kusi inashika kuanzia Mei hadi Septemba, ikitoka kusini mashariki, na mnamo Julai na Agosti inaweza kuvuma kilomita 35 kwa saa siku nyingi mfululizo. Kaskazi huja Desemba hadi Machi. Tofauti moja tu lazima uishike: ile kaskazi inayotufikia kutoka kaskazini mashariki, kule inafika kutoka kaskazini magharibi, kwa sababu ikishavuka ikweta mzunguko wa dunia huipinda. Mvuvi wa Vumba akipelekwa Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, mwezi Januari ataijua hewa na joto lake, ila itabidi ageuze uso kuitafuta inakotoka.

Na hapo ndipo uzuri wa visiwa vile kwa nahodha mgeni unapoonekana. Praslin iko kaskazini mashariki ya Mahé, kilomita 45 hivi. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini magharibi. Chora mistari hiyo mitatu kwenye karatasi utaona kwamba misimu yote miwili upepo unakupiga ubavuni, kwenda na kurudi. Huhitaji kupiga bisho kutwa nzima ili ufike, wala hukimbizwi na upepo wa nyuma unaoyumbisha chombo. Kwa mwendo wa kawaida wa boti ya kukodi ni saa nne hivi. Visiwa hivyo vya ndani, vya mawe ya matale, viko pia nje ya njia kuu ya vimbunga. Vile vya nje, mbali kusini, ni habari nyingine: Aprili 2016 kimbunga Fantala kilikipiga vibaya kisiwa cha Farquhar.

Lakini msimu ndio unaosema ulale wapi. Chukua Anse Lazio, ufukwe wa kaskazini magharibi ya Praslin, ambao huenda ndio uliomo kwenye ile picha. Wakati wa kusi kisiwa chenyewe kinakukinga. Unaingia jua likiwa bado juu na mgongoni mwako, mmoja wenu amesimama omo akitazama rangi ya maji, kwa sababu mchanga huonekana kijani cheupe na mwamba huonekana hudhurungi, na jua likishakuwa machoni rangi zote hizo hupotea. Kina kikiwa mita sita unaiteremsha nanga mchangani taratibu, unatoa mnyororo mita 30 hivi, unapiga rivasi polepole mpaka mnyororo unyooke. Kisha mtu anavaa miwani ya kuogelea na kushuka kuitazama nanga kwa macho yake: je, imezama mchangani, au imelala ubavu? Dakika kumi hizo ndizo zitakazokupa usingizi. Mchague mti mmoja na jiwe moja nchi kavu vinavyopangana, ili kabla ya giza mjue kama boti imesogea.

Kaskazi ikianza, Anse Lazio hiyohiyo inaelekeana moja kwa moja na mawimbi, na Beau Vallon ya Mahé vivyo hivyo. Hapo unahamia upande wa pili: Baie Sainte Anne, mashariki ya Praslin, au Baie Laraie, kusini ya Curieuse, kisiwa ambako kobe wakubwa hutembea wapendavyo. Msiba ni wa yule aliyelipia safari kwa ajili ya ufukwe mmoja, akaukuta haukaliki, akalazimisha. Nimewasikia manahodha wa kukodi wakisema, "Lakini tulikuja kwa ajili ya pale." Bahari haina habari na ulichokuja kukifuata.

Mwezi gani basi? Anayeongoza mara ya kwanza na ana watoto au wazee ndani ya boti aende Aprili au Oktoba, wakati wa tanga mbili, kusi na kaskazi zinapopokezana. Atatumia injini zaidi kuliko matanga, na joto la Aprili atalisikia, lakini ataweza kulala karibu kila ghuba. Anayejua kupunguza tanga kabla upepo haujamlazimisha, na mwenye wenzake wawili wanaofahamu kamba, aende Mei au Septemba. Julai na Agosti nawaachia waliokwisha kuizoea kusi nje ya mwamba. Na vyovyote iwavyo, fika unakolala kabla ya saa kumi alasiri. Mikataba mingi ya kukodi hukataza kusafiri usiku, nami naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Katika visiwa vyenye hifadhi pia uwe na fedha za ada, na ufuate utaratibu wao. Cousin, kilichonunuliwa mwaka 1968 ili kumwokoa ndege mdogo aliyekuwa karibu kutoweka, wageni hushushwa kwa mashua za walinzi wa hifadhi, mchana tu.

Ukiwa na shaka na ujuzi wako, omba nahodha wa kampuni akae nawe siku mbili za mwanzo. Sioni aibu yoyote hapo. Ninachokiona ni watoto wa watu waliokabidhiwa kwako.

Najua nitaulizwa: kwa nini si Pemba au Mafia? Nazipenda bahari hizo kuliko zote, na ndiyo maana sitamshauri mgeni aingie peke yake. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Boti iliyotia nanga penye kina cha kutosha maji yakiwa yamejaa itakuwa imekalia matumbawe yakishakupwa. Katika mkondo wa Pemba maji husukuma kuelekea kaskazini, na ukikosea hesabu yake utaufikia mwamba mahali usipopakusudia. Milango ya kuingilia upande wa magharibi, kama wa Njao na wa Fundo, ni myembamba, na wanaoijua vizuri ni waliokulia hapo.

Wanaotaka biashara hii ije kwetu waanze na taa, maboya ya kufungia boti ili nanga zisivunje matumbawe, na kikosi cha uokoaji kinachojibu redio saa yoyote. Hadi hayo yakamilike, Pemba nenda na nahodha wa Pemba. Mlipe bei yake bila kuvutana, shika usukani akiwa pembeni yako, na akisema leo hatutoki, msitoke.