Pua ya mutoto ikigongwa, isingojewe

Kwenye robine za kambi za wahami, watoto wanasukumana, bidoni inamupiga mumoja kwenye pua, damu inatoka. Mama anamunawisha, damu inasimama, kila mutu anarudilia kazi yake. Kosa linaanzia hapo.

Ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua ni gegedu upande wa mbele, ni kusema mufupa laini. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na ngozi nyembamba inayoifunika. Pua ikigongwa, damu inaweza kujikusanya kati ya ngozi ile na gegedu. Kwa siku chache tu gegedu inaweza kufa, usaha ukaingia, mugongo wa pua ukabonyea. Kwa mutoto, hata kukua kwa pua kunaweza kuharibika.

Na kuitoa damu ile ni kazi ndogo! Muganga anapasua ngozi kidogo, anaiondoa, anaziba pua ili isirudi. Mufupa uliohama nao unarudishwa mahali pake bila kungoja wiki mbili zipite, na kwa watoto mapema zaidi.

Wakichelewa, ndipo inaombwa munganga wa masikio, pua na koo, ile ORL. Ukuta uliopinda kidogo unanyooshwa ndani humo humo. Uliopinda vibaya sana, wengine wanautoa wote, wanaunyoosha juu ya meza, wanauunganisha kwa uzi, wanaurudisha. Wolfgang Gubisch wa Stuttgart, Ujerumani, anajulikana kwa njia hiyo. Gegedu ikiwa ilishakufa, ingine inakatwa kwenye ubavu wa mugonjwa. Ni kazi nzuri, lakini inaomba dawa ya usingizi, vyombo, na mutaalamu ambaye jamaa ya kambini haina feza za kumufikia.

Kuna wanaosema: wakati wa risasi na kipindupindu, nani atahangaikia pua? Lakini mutoto anayepumua kwa mudomo usiku kucha hapumziki, na uso wake ni wa maisha yote. Tena hapa hakuna anayeomba mashine. Wakubwa wa zoni za afya waagize tu kila kituo cha kambini kimulike taa ndani ya pua ya kila mutoto aliyegongwa, na kumuita tena kesho yake na kesho kutwa, kwani uvimbe unaweza kuja nyuma. Pua ikiziba ao maumivu yakizidi, mama asingoje siku hiyo ifike, hata kama damu ilishasimama.